Huyu Mama Alikuwa Peke Yake?

Dereva alitutangulia kushuka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ile nguzo fupi, akatoa mfukoni kitambaa cha kufutia vioo, akaanza kufuta kibao. Vumbi la Oldupai ni kama unga wa muhogo, halibagui kitu. Alifuta taratibu, kidole kikifuata mistari ya maandishi, kisha akasoma kwa sauti, Kiingereza chake kizito na cha heshima kama msomaji wa risala. Kibao kinaeleza kwamba fuvu la Australopithecus boisei, yaani Zinjanthropus, zamadamu wa kale wa jamii ya binadamu, lilipatikana mahali hapo na M. D. Leakey tarehe 17 Julai 1959.

Alipomaliza akakunja kitambaa.

"Huyu mama alikuwa peke yake?"

Nikamjibu, "Ndivyo ilivyoandikwa, mzee." Tukapiga picha, tukapanda gari, tukakimbilia kuwahi geti la Ngorongoro kabla halijafungwa.

Hiyo ni wiki ya saba sasa. Lile swali nimelala nalo na kuamka nalo.

Jibu nililokuwa nalo mkononi

Niseme kweli: usiku ule ule nilishaandika makala. Ilitoka yenyewe, kurasa tatu bila kunyanyua kichwa. Ilisema kwamba jina lilikwenda kwa akina Leakey, wenye kambi, na jua likabaki kwa waliochimba. Nilitaja kwamba hata jina la bonde lilikosewa tangu mwanzo, kwa kuwa Wamaasai wanasema Oldupai, jina la mkonge pori unaoota kule, na wageni wakasikia "Olduvai", likaingia vitabuni hivyo kwa karibu miaka mia. Nilitaja yale mafuvu mawili makubwa ya saruji yaliyosimamishwa njia panda ya kuingia Oldupai mwaka 2019. Niliipenda makala ile. Ilikuwa na hasira, na hasira huwa inasomeka vizuri.

Kabla ya kuichapisha nikaamua kuhakikisha jambo moja dogo: asubuhi ile ya tarehe 17, nani hasa walikuwa pale korongoni?

Hapo ndipo makala ilipoanza kunifia mikononi.

Asubuhi yenyewe

Louis Leakey, mkuu wa uchimbaji, alikuwa kitandani, ana homa. Siku chache kabla, Heselon Mukiri, Mkenya aliyekuwa amefanya kazi na Louis tangu miaka ya 1920, alikuwa ameokota jino la zamadamu kwenye korongo jingine linaloitwa MK. Wangeweza kuanza kuchimba pale, lakini walikuwa wanamsubiri mpiga picha za filamu, Des Bartlett, ili kazi ipigwe picha tangu mwanzo. Kwa hiyo siku ile haikuwa na kazi rasmi.

Mary, mkewe, yule M. D. Leakey wa kibaoni, hakukaa. Alichukua mbwa wake wawili wa madoadoa, akaenda kutembea kwenye korongo la FLK. Akaona kipande cha mfupa kimechomoza kwenye mteremko. Akapangusa udongo. Yakatokea meno mawili, makubwa, yamekaa kwenye taya ya juu. Akaendesha gari mbio kurudi kambini kumwamsha mumewe, na mgonjwa akapona ghafla, akavaa, akaja. Inasimuliwa kwamba Louis alipoyaona yale meno alivunjika moyo kidogo, kwa sababu alitaka kumpata babu wa watu, na yale hayakufanana na meno ya watu.

Ndiyo, mzee. Alikuwa peke yake. Yeye na mbwa wawili.

Kibao kinasema kweli.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa bila kuandika. Ni vigumu kukubali kwamba kitu ulichokikasirikia kwa siku nyingi hakikukukosea. Nikaendelea kusoma, na nakiri kwamba nilikuwa natafuta kosa jingine la kushikilia. Nikalipata, ila halikuwa nililolitarajia.

Fuvu lile lilitangazwa kwa wanasayansi wa dunia kwenye jarida la Nature, Agosti 1959. Mwandishi ni mmoja: L. S. B. Leakey. Mumewe. Kiumbe chenyewe akakipa jina Zinjanthropus boisei: Zinj kutokana na jina la zamani la pwani yetu hii, walilotumia Waarabu, boisei kwa heshima ya Charles Boise, aliyekuwa akitoa fedha za uchimbaji. Pwani ikapata sehemu yake, na mfadhili akapata yake. Hata lile korongo lenyewe, FLK, kirefu chake ni Frida Leakey Korongo, na Frida alikuwa mke wa kwanza wa Louis. (Neno letu "korongo" limo kwenye majarida ya sayansi ya dunia nzima, kwa herufi moja tu ya K, na wengi wanaoliandika hawajui kwamba wanaandika Kiswahili.)

Kwa hiyo Mary, ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu, aliokota fuvu lililoubadilisha ujuzi wa asili ya binadamu, kwenye korongo lenye jina la mke aliyemtangulia, likapewa jina la mwenye fedha, likatangazwa kwa sahihi ya mume.

Nguzo fupi yenye vumbi ndiyo iliyoandika: M. D. Leakey. Mary Douglas.

Nilikuwa nimekwenda kuishitaki nguzo, kumbe ni shahidi. Karatasi ilikataa kumlipa yule mama deni lake. Jiwe lililipa.

Taya ya chini

Kama ingeishia hapo ningefuta kila kitu na kuandika habari nyingine. Lakini fuvu la Zinj lilipatikana bila taya ya chini. Vipande karibu mia nne viliunganishwa, na taya haikuwemo. Mifano mingi unayoiona imekamilishwa na mafundi.

Taya ya jamii ile ile ilipatikana Januari 1964 huko Peninj, upande wa Ziwa Natron, Tanzania hii hii. Aliyeiona ni Kamoya Kimeu.

Kamoya alikuwa Mkamba wa Makueni. Alianza kazi na akina Leakey mwaka 1960, hapo hapo Oldupai, kijana asiye na elimu kubwa ya shule. Kushika mifupa ya wafu hakukuwa jambo dogo kwa watu wa kwao, wala kwetu si dogo mpaka leo. Mfupa wa mtu unazikwa, hauchimbuliwi. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alipoitiwa kazi alidhani anakwenda kufukua makaburi. Akaenda. Akajifunza kuutambua mfupa kati ya kokoto elfu, kazi ambayo wenye shahada walikiri kwamba hawakumfikia. Mwaka 1967, Omo nchini Ethiopia, akapata mabaki ya watu wa kale sana wa jamii yetu sisi wenyewe. Mwaka 1984, siku ya mapumziko, wenzake wakiwa kambini, alikwenda kutembea kando ya mto Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, akaona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi karibu sawa na mawe yaliyokizunguka. Kikawa mwanzo wa mifupa ya yule kijana wa Turkana, mmoja wa mifupa kamili zaidi ya zamadamu kuwahi kupatikana.

Angalia: siku ya mapumziko, matembezi ya mtu mmoja, kipande kimechomoza. Ni asubuhi ile ile ya Mary, miaka ishirini na mitano baadaye.

Sitaki kudai kwamba Kamoya alisahauliwa, si kweli. Mwaka 1985 alipokea nishani ya National Geographic mkononi mwa Rais Reagan, Ikulu ya Marekani. Kuna nyani wawili wa kale wenye jina lake, Kamoyapithecus na Cercopithecoides kimeui. Alipofariki mwaka 2022, magazeti makubwa ya dunia yaliandika tanzia zake. Heshima aliipata. Lakini heshima yenyewe ilikaa wapi? Washington, na kwenye majina ya Kilatini. Watalii wanakwenda Natron kuangalia heroe na kupanda Ol Doinyo Lengai usiku, wanashuka asubuhi miguu imewauma, wanarudi Arusha. Wamepita karibu kabisa na mahali nusu ya pili ya Zinj ilipookotwa.

Na Laetoli nako, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Oldupai. Zile nyayo za miaka milioni 3.6, mwaka 1978: mwanakemia Paul Abell aliona alama ya kwanza, na Mary, ambaye hakuwa na uhakika kwamba kuna kitu, akamkabidhi Ndibo Mbuika achimbe kidogo. Ndibo ndiye aliyerudi na habari kwamba nyayo zipo, na si moja. Mary aliliandika jina lake. Wanaosoma vitabu vya Mary wanamjua.

Njia ilipita kwetu

Mpaka hapa nilikuwa nasoma mambo ya watu. Mimi ni Mmwera, wa Lindi. Kaskazini nimekuja kutafuta kazi tu.

Wiki ya nne, usiku, nilikuwa nafuatilia nani alichimba Oldupai kabla ya akina Leakey. Jibu ni Hans Reck, Mjerumani, mwaka 1913. Na kabla ya Oldupai, mwaka 1912, Reck alikuwa wapi? Tendaguru.

Nikarudi kwa Louis Leakey. Mwaka 1931 ndipo alipokwenda Oldupai mara ya kwanza, akifuatana na huyo huyo Reck. Na uchimbaji wake wa kwanza kabisa katika Afrika, mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka ishirini, ulikuwa wapi? Alikwenda na msafara wa jumba la makumbusho la Uingereza chini ya William Cutler. Tendaguru.

Nilisimama, nikazunguka chumba.

Wote wawili walipita kwetu kwanza. Kabla ya kibao cha Oldupai kuna kilima chetu, umbali wa kilometa kama sitini hivi kutoka Lindi mjini. Nimekua nikilisikia jina lake kama mtu anavyosikia jina la kituo cha basi. Hata maana yake sikuwahi kuulizia: kwa Kimwera ni kilima chenye mwinuko mkali.

Mjusi wetu mkubwa, yule dinosaria wa Tendaguru, mifupa yake iko Berlin, hilo kila mtoto wa Lindi analijua. Arudi au asirudi, tumelibishania vijiweni na bungeni. Lakini katika mabishano yote niliyowahi kuyasikia, na mengine nimeshiriki kwa sauti ya juu, sikumbuki mtu aliyewahi kuuliza ni nani walimtoa ardhini.

Msafara wa Wajerumani ulichimba kuanzia 1909 hadi 1913, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, halafu Reck. Maji Maji ilikuwa imekwisha mwaka 1907 tu. Kusini ilikuwa imechomwa, ghala hazina kitu, watu wamekufa kwa njaa kuliko waliokufa kwa risasi. Kwenye nchi hiyo ndipo ikaja kazi ya ujira. Mwaka wa kwanza walikuwa zaidi ya watu mia, na miaka iliyofuata wakafika mia nne na zaidi, na wake zao na watoto, wakajenga vibanda kuzunguka kilima. Walichimba mashimo marefu kwa mikono. Walifunga mifupa kwa udongo na mianzi. Halafu wapagazi wakaibeba mpaka Lindi, mwendo wa siku nne, safari maelfu, jumla ya zaidi ya tani mia mbili. Kile kiunzi kirefu cha mifupa kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937, ambacho kimo chake leo ni zaidi ya meta kumi na tatu, kilianza safari yake kichwani na mabegani mwa watu.

Mnyapara wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani.

Nililitamka jina hilo kwa sauti, mle chumbani, peke yangu. Nina ndugu wenye majina ya namna hiyo. Kuna picha ya zamani inayomwonyesha akiwa na mifupa, na nimeitazama muda mrefu kuliko ninavyotazama picha za kwetu. Hakuwa mtu wa kushika jembe akaelekezwa pa kupiga. Alijifunza kusafisha na kuimarisha mifupa, akawafundisha wengine, na Wajerumani wenyewe waliandika kwamba walimtegemea.

Mjusi Mmwera

Nilipojua hilo nilidhani nimemaliza, nikakuta bado.

Mwaka 2007, mtafiti mmoja wa Ujerumani aliichunguza upya baadhi ya mifupa ya Tendaguru, akaona ni ya dinosaria ambaye hajapewa jina. Akamwita Australodocus bohetii. Bohetii: wa Boheti. Mwaka 2019 mwingine akapewa jina Wamweracaudia keranjei. Sehemu ya kwanza ni Wamwera, kabila langu. Ya pili ni Mohammadi Keranje, aliyewaongoza waliochimba mifupa ile ile.

Nilimpigia shangazi yangu Lindi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Usiku huu kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna msiba, kuna mjusi. Nikamweleza yote, tangu kibao cha Oldupai mpaka jina la Kilatini lenye Wamwera ndani. Alisikiliza kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia nirudie jina la yule mtu. Keranje. Nikarudia. Akarudia yeye, vizuri kuliko mimi.

"Wenyewe wana habari?" akauliza.

"Wenyewe nani, shangazi?"

"Wanawe. Wajukuu zake. Mtu hawezi kupewa jina kubwa hivyo halafu nyumbani kwake wasiambiwe."

Nimeuandika mstari huo kwenye karatasi, nimeubandika juu ya meza.

Kwa sababu jina la Kilatini nalo ni kibao cha kumbukumbu, na ni imara kuliko shaba. Kwa kanuni za sayansi halifutwi kwa urahisi, litakuwepo hata Berlin isipokuwepo. Lakini kibao hicho kimesimikwa ndani ya jarida, kwa lugha isiyo na wasemaji, mahali ambapo mjukuu wa Keranje hapiti. Mary aliwekewa chake pale pale alipopiga magoti. Dereva wa Karatu anaweza kukifuta vumbi, akakisoma, akauliza swali.

Swali lile lisingezaliwa bila kibao. Hilo ndilo lililonigeuza kabisa. Makala yangu ya kwanza ilitaka kibao kimoja kionewe aibu. Ninachotaka sasa ni vibao zaidi: Peninj, Laetoli, Tendaguru, Lindi bandarini ambako mifupa ilipakiwa. Kwa Kiswahili.

Mistari michache

Nimejaribu kuandika cha Tendaguru. Nimetumia siku nyingi kuliko nilivyotegemea, na kilichonichelewesha ni kitenzi.

Nilianza na "iligunduliwa". Nikaifuta. Vitabu vinasema mhandisi Bernhard Sattler aliona mifupa mwaka 1906, imejitokeza njiani chini ya kilima. Njiani! Kama kulikuwa na njia, kulikuwa na wapitaji, na macho yao hayakuwa yamefumba. "Ilipatikana" ndivyo kinavyosema kibao cha Oldupai, na pale inafaa, kwa sababu Mary alipata. Kwa watu mia nne na mashimo ya miaka minne haifai. Mwishowe nikachukua neno la kazi: walichimba.

Halafu majina ya Wajerumani. Rasimu ya kwanza sikuwaweka. Niliona watu hao wana vibao vya kutosha kwao. Nikakumbuka jinsi sahihi moja ilivyomfuta Mary kwenye karatasi, nikaona siwezi kulifanya jambo lile lile kwa mkono wangu. Nikawarudisha, mwishoni.

Imekuwa hivi:

*Hapa Tendaguru, kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, Wamwera na watu wengine wa kusini walichimba mifupa ya dinosaria. Mnyapara wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mohammadi Keranje alikuwa miongoni mwa walioongoza wachimbaji. Waliibeba kwa miguu siku nne hadi Lindi. Walifanya kazi na Werner Janensch, Edwin Hennig na Hans Reck.*

Sina mamlaka ya kuweka jiwe popote. Nimempelekea shangazi, naye amempelekea mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko huko. Mwalimu ameniomba majina mengine ya wachimbaji, nami naendelea kuyatafuta.

Nimempelekea pia yule dereva. Namba yake nilikuwa nayo. Kwanza nilimjibu swali lake, wiki saba baadaye: ndiyo mzee, alikuwa peke yake, na mumewe ndiye aliyetia sahihi. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, injini ikinguruma nyuma. Alisema basi ni vizuri kwamba huwa anakifuta.

Kisha nikamtumia maandishi ya Tendaguru. Alikaa kimya hadi jioni. Akajibu:

"Kaka, waambie yachimbwe ndani ya jiwe. Yasipakwe rangi. Rangi inaliwa na vumbi."

Nikamwambia Lindi hakuna vumbi kama la Oldupai, kuna mvua.

"Basi yachimbwe zaidi," akasema.